KAMERA YA SINEMA ILIYOTUMIKA: MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KUTOA FEDHA

Siku hizi karibu kila mtu ana simu iwezayo kupiga picha za sinema, na picha hizo huonekana papo hapo. Hata hivyo wako watu, vijana kwa wazee, waliozirudia kamera za zamani zitumiazo filamu nyembamba. Wengine huzipenda rangi zake. Wengine wameikuta kamera ya baba au ya babu imelala kabatini. Na wengine wasomea kazi ya sinema, nao wataka kujifunza kwa chombo kisichomruhusu mtu kupoteza ovyo. Karibu kamera zote hizo ni kuukuu. Kampuni ya Kodak ilitangaza kamera mpya ya filamu ndogo mwaka 2016, ikaanza kuiuza Marekani mwishoni mwa mwaka 2023 kwa bei ya dola 5,495. Kwa hiyo mtu wa mapato ya kawaida hana budi kutafuta kamera iliyokwisha tumiwa, nayo mara nyingi huwa na umri wa miaka 40 na zaidi.

Kununua kamera ya namna hiyo kwataka uangalifu kuliko kununua baiskeli kuukuu. Baiskeli mbovu hujulikana mara mtu aipandapo. Kamera ya filamu haitoi habari ya ubovu wake siku ile. Picha hupigwa leo, filamu hupelekwa kwa fundi kusafishwa kwa dawa, hurudi baada ya siku nyingi, na hapo ndipo mtu ajue kama amepata kitu. Tumfikirie mzee aliyenunua kamera kwa ajili ya arusi ya binti yake. Siku nzima amepiga picha, na mashine imenguruma vizuri mkononi. Kumbe ndani filamu haikusogea hata kidogo, ikarudi tupu. Fedha za filamu zaweza kutafutwa tena, lakini arusi haitarudiwa, na bibi aliyekaa mkekani siku ile huenda asiwepo mwaka ujao. Makala haya yataka kumsaidia msomaji kuepukana na hasara hiyo.

KWANZA FILAMU, BAADAYE KAMERA

Watu wengi hukosea tangu mwanzo, kwa maana huipenda kamera kwa sura yake kisha huanza kuitafutia filamu. Yafaa kufanya kinyume chake. Mtu aulize kwanza ni filamu gani ipatikanayo, na ni nani atakayeisafisha; ndipo atafute kamera iwezayo kuila filamu hiyo.

Filamu nyembamba ni za aina nyingi, lakini aina tatu ndizo zenye maana zaidi kwa mnunuzi. Ya kwanza ni ya milimita 16, ambayo Kodak waliileta mwaka 1923 kwa ajili ya watu wa nyumbani. Aina hii si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Kati ya mwaka 1935 na 1937 wapigaji sinema waliokaa Vugiri, katika milima ya Usambara, walitengeneza kwa filamu ya milimita 16 sinema za kufundisha kilimo, afya na mambo mengineyo, wakazionyesha huku na huku kwa lori. Picha yake ni kubwa, na kamera zake nyingi ni imara sana, kama vile Bolex H16 ya Uswisi, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1935. Lakini gharama yake ni kubwa. Gurudumu la futi 100 huisha kwa muda wa dakika mbili na sekunde 46 tu, likienda kwa mwendo wa picha 24 kwa sekunde.

Ya pili ni filamu ya milimita nane ya kawaida, iliyotokea mwaka 1932 wakati wa dhiki ya fedha duniani. Waliofikiri shauri hili walikuwa na akili nyingi. Walichukua filamu yenye upana wa milimita 16, wakaipiga picha upande mmoja, wakaigeuza na kuipiga upande wa pili, kisha baada ya kusafishwa ikapasuliwa katikati na kuungwa. Hivyo futi 25 zikawa futi 50. Kwa kamera ya aina hii Abraham Zapruder, mwenye biashara ya kushona nguo, alipiga picha za kuuawa kwa Rais Kennedy huko Dallas tarehe 22 Novemba 1963. Kamera yake ilikuwa Bell & Howell iendayo kwa kamani iliyojazwa kwa mkono. Picha hizo hazizidi sekunde 27, nazo zimechunguzwa na mahakimu na wataalamu tangu siku hiyo. Basi mtu asidharau kamera ndogo. Lakini Kodak wameacha kuitengeneza filamu hii, na viwanda viiuzavyo leo ni vichache. Anayeitaka na ahakikishe kwanza kwamba ataipata.

Ya tatu ni Super 8, ambayo Kodak waliileta mwaka 1965. Filamu yake imefungwa ndani ya kasha la plastiki; mtu hulitumbukiza katika kamera, akafunga mlango, akaanza kazi. Hakuna kugeuza wala kuvisha filamu kwenye magurudumu gizani. Vitundu vya ukingoni vilifanywa vidogo, ili picha ipate nafasi zaidi, hata ikawa kubwa karibu mara moja na nusu ya ile ya milimita nane ya kawaida. Kasha moja lina futi 50. Kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde huchukua dakika tatu na sekunde 20. Kwa mwendo wa picha 24 huchukua dakika mbili na nusu. Filamu yake bado yatengenezwa, ya rangi na ya nyeusi na nyeupe. Kwa mtu anayeanza, hii ndiyo iliyo rahisi kuliko zote, na tangu hapa tutaisema hiyo zaidi.

Msomaji ajihadhari na kamera za Single-8, zilizoletwa na Fuji wa Japani mwaka huo huo wa 1965. Picha yake ni sawasawa na ya Super 8, lakini kasha lake ni la umbo jingine, na makasha ya aina mbili hizo hayabadilishani. Kampuni hiyo imekwisha acha kulitengeneza kasha lake. Tena, muuzaji akitia tamu biashara yake kwa kumwongezea mnunuzi makasha ya Kodachrome ya zamani, mnunuzi asiyahesabu kuwa mali. Dawa za kusafishia Kodachrome zilikuwa za peke yake, na duka la mwisho duniani lililofanya kazi hiyo, huko Parsons katika jimbo la Kansas, liliacha kuzipokea mwisho wa mwaka 2010.

KAMERA ISIYOIJUA FILAMU YA LEO

Hili ni jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi, na pengine wenyewe hawalijui. Kasha la Super 8 lina pengo ubavuni. Likiingia katika kamera, pengo hilo hukutana na kijiti kidogo, nacho huiarifu kamera ukali wa filamu, yaani nguvu yake ya kupokea nuru. Kamera nyingi za bei nafuu zilifundishwa kujua ukali wa namna mbili tu, 40 na 160, kwa sababu hizo ndizo filamu zilizouzwa zamani. Leo zauzwa filamu za ukali wa 50, 100, 200 na 500. Kamera isiyozijua itakisia, na ikikisia vibaya picha itatoka nyeupe mno au yenye giza.

Kuna njia mbili za kujiokoa. Kwanza, mtu atafute kamera ambayo kitabu chake cha maelezo chasema kwamba husoma ukali wa namna nyingi. Pili, na hii ndiyo bora, atafute kamera ambayo mwenyewe aweza kuifungua na kuifumba mboni yake kwa mkono, bila kuiachia mashine ijiamulie. Kwa kamera ya namna hiyo atapima nuru kwa kipimo cha pembeni, aweke namba, na kazi itakuwa salama. Filamu ya kinyume, ambayo baada ya kusafishwa hunakiliwa katika kompyuta, husamehe kidogo nuru ikizidi. Filamu ya kuonyesha moja kwa moja ukutani haisamehi, ikipotea imepotea.

Jambo jingine ni kioo cha rangi ya machungwa kilichomo ndani ya kamera. Filamu za zamani zilifanywa kwa nuru ya taa, na kioo hicho kiliwekwa ili zifae juani. Filamu za leo ziandikwazo herufi D zimekwisha kufanywa kwa ajili ya jua. Zikipita nyuma ya kioo hicho, watu wote watatokea wa rangi ya machungwa. Kamera nyingi zina swichi yenye alama ya jua na alama ya taa. Kwa filamu ya D swichi iwekwe kwenye taa, hata kama jua ni la saa sita, maana ndipo kioo kinapoondoka. Kabla ya kununua, mtu aijaribu swichi hiyo huku akitazama ndani, aone kama kioo chaondoka kweli au kimekwama.

UKAGUZI MBELE YA MUUZAJI

Anayekwenda kutazama kamera na achukue vitu vinne: betri mpya, tochi ndogo, kitambaa laini, na saa yenye mshale wa sekunde. Ikiwezekana achukue pia kasha moja la zamani ambalo halijakwisha filamu. Haraka haraka haina baraka. Muuzaji mwaminifu hatakataa kumpa nusu saa.

Aanze na nyumba ya betri. Aifungue na kuimulika. Akiona ungaunga mweupe au kutu ya kijani, betri ziliachwa humo zikavuja. Kutu kidogo kwenye vyuma vya mwisho huweza kukwanguliwa, lakini iliyokwisha kupanda katika nyaya ni dalili ya taabu. Kisha atie betri zake mwenyewe na kubonyeza kitufe. Mashine inapaswa kuanza mara moja na kutoa sauti moja iliyo sawa tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti ikipanda na kushuka, au ikilia kama chuma kinachokwaruza, mafuta yamekauka ndani au meno yamelika.

Halafu aufungue mlango wa filamu na kuiendesha kamera ikiwa tupu. Karibu na kidirisha kidogo ambacho filamu hupita mbele yake, ataona ukucha mdogo wa chuma ukitoka na kuingia. Huo ndio ukamatao vitundu vya filamu na kuivuta picha moja baada ya nyingine. Pembeni ataona kiini ambacho huzungusha kasha ili lizoe filamu iliyokwisha kupigwa. Vyote viwili viende pamoja. Kiini kisipozunguka, filamu itajikunja ndani ya kasha na kukwama. Mtu akishike kwa kidole polepole. Chapasa kuonyesha nguvu kidogo, kisha kiteleze bila kuvunja kitu. Hapa ndipo hasara ya yule mzee wa arusi ilipoanzia: alisikia mngurumo, lakini hakuuona ukucha.

Kama lipo lile kasha la zamani, achore alama kwa kalamu juu ya filamu ionekanayo, alitumbukize, aendeshe kwa sekunde tano, kisha alitoe. Alama ikiwa imeondoka, filamu yavutwa. Ikiwa ipo pale pale, na amrudishie mwenyewe kamera yake kwa adabu.

Baada ya hapo aitazame lenzi. Aimulike kwa tochi kutoka upande mmoja na kuchungulia kutoka upande wa pili. Vumbi kidogo halidhuru. Mikwaruzo miembamba mbele huleta madhara madogo kuliko watu wanavyodhani. Adui mkubwa ni kuvu, aonekanaye kama utando wa buibui au mizizi ya mti ndani ya kioo. Pwani ya Mombasa, Lamu na Unguja, ambako hewa ina unyevu mwaka mzima, kuvu hushambulia lenzi iliyofungiwa kabatini bila kupigwa na hewa. Ikiwa imekula kioo, kusafisha hakurudishi uzima wake. Kwa watu wa bara, ambako kuna vumbi jingi, aizungushe lenzi mwanzo hadi mwisho. Ikikwaruza, mchanga umeingia.

Achungulie pia katika tundu la kutazamia. Kamera nyingi zina pete ya kurekebisha jicho la mtu. Airekebishe hata alama zilizomo zionekane kali, kisha avute lenzi karibu kabisa na kukitazama kitu cha mbali kwa kuweka alama ya mwisho wa kipimo cha masafa. Kitu kionekane wazi. Mwisho aelekeze kamera dirishani, kisha kwenye pembe yenye giza. Mshale wa nuru ndani ya tundu lazima usogee. Mshale uliolala kama mtu aliyekufa maana yake kipima nuru hakifanyi kazi, au kimekosa betri yake.

BETRI AMBAZO HAZIPO TENA

Neno hilo la betri lataka maelezo. Kamera kadha wa kadha zilitumia betri za kawaida kuzungusha mashine, na betri nyingine ndogo za zebaki kwa kazi ya kupima nuru peke yake. Nizo 801 ya Ujerumani na Canon 814 ya kwanza ya Japani ni mifano ya desturi hiyo. Betri za zebaki zilikuwa na nguvu ya volti 1.35 isiyobadilika, lakini zebaki ni sumu, na mataifa mengi yamekwisha kuzipiga marufuku. Betri ya leo yenye umbo lile lile ina volti 1.5, nayo hukidanganya kipima nuru. Zipo betri za zinki na hewa zenye nguvu karibu na ile ya zamani, ambazo hutumiwa katika vifaa vya kusaidia kusikia. Zafaa, ila hazidumu sana. Nyingine, kama Beaulieu 4008 ya Ufaransa, ina lenzi nzuri mno lakini huenda kwa betri yake maalumu ya kujazwa umeme, na betri hizo za asili zimekwisha kufa kwa uzee. Sharti fundi azitengeneze upya. Kwa anayeanza, kamera itumiayo betri ndogo za kawaida kwa kazi zote humwondolea mashaka mengi.

Kamera za kamani hazina shida ya betri katika mwendo. Mtu azijaze na kuziendesha hadi kamani iishe, akisikiliza kama mwendo walegea kabla ya wakati. Asiziendeshe tupu kwa mwendo wa kasi kabisa, wala asiziweke kabatini zikiwa zimejazwa.

SAUTI ISIWE SABABU YA KUONGEZA BEI

Wauzaji hupenda kuongeza bei kwa kamera yenye maandishi ya sauti. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1973 palikuwa na makasha ya Super 8 yenye utepe wa kunasia sauti, lakini Kodak waliacha kuyatengeneza mwaka 1997. Kamera ya sauti yaweza kupokea kasha la leo lisilo na sauti na kupiga picha vizuri, lakini sauti yenyewe haipatikani tena kwa njia hiyo. Atakaye sauti na ainase kando kwa chombo kingine, kisha aiunganishe baadaye. Hata wale wa Vugiri walifanya hivyo: picha katika filamu, na maneno katika santuri.

KUNUNUA KUTOKA MBALI

Mara nyingi kamera hununuliwa kwa mtu aliye mji mwingine, au ng'ambo. Hapo msomaji asikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Aombe picha ya nyumba ya betri ikiwa wazi, picha ya lenzi iliyomulikwa, na sinema fupi ya simu ionyeshayo ukucha na kiini vikienda. Aulize kama mshale wa nuru wasogea. Na akubaliane mapema juu ya kurudisha kamera ikiwa si kama ilivyosemwa. Muuzaji aandikaye kwamba hana betri za kuijaribia, ilhali betri zake zauzwa katika kila duka, amekwisha kujibu swali.

KASHA LA KUJARIBIA

Ukaguzi wote huu waondoa mashaka mengi, lakini hauondoi yote. Kwa hiyo katika hesabu ya bei mnunuzi aweke tangu mwanzo gharama ya kasha moja la kujaribia, pamoja na kulisafisha na kulinakili. Apige juani na kivulini, karibu na mbali, ndani ya nyumba na nje, kila mara akiandika katika daftari namba aliyoiweka. Kasha likirudi, daftari litamwambia nini cha kurekebisha. Filamu ikae mahali baridi na pakavu, isiachwe ndani ya gari juani. Ikiwa yapelekwa ng'ambo kusafishwa mkononi mwa msafiri, aombe ikaguliwe kwa mkono uwanjani, maana baadhi ya mashine mpya za kuchungulia mizigo huiharibu.

Asiyekuwa na fedha za kasha hilo la kujaribia hajawa na fedha za kamera, na afadhali angoje. Maana siku ya arusi, au siku babu mwenye miaka themanini atakapokubali kukaa kitini na kupigwa picha akisuka kikapu chake, haitakuwa siku ya kujaribu chombo. Majuto ni mjukuu; naye mjukuu huyo ndiye atakayeuliza miaka ijayo mbona filamu ya babu ni tupu. Heri kasha moja lipotee leo katika kujaribu, ili lile la siku hiyo lirudi na sura ya mzee ndani yake.